Kichwa Chini, Miguu Juu

Mke wangu ni fundi cherehani, na mafundi cherehani mnawajua: kesho yao haifiki. Ukimpelekea kitambaa atakuambia njoo kesho, na hiyo kesho utaifuata mpaka soli za viatu ziishe. Mimi mwenyewe nina suruali iliyokaa kwenye kapu lake tangu nikiwa mwembamba. Kwa hiyo aliponiambia anataka kutengeneza filamu, nilicheka nikarudi kwenye kazi yangu. Mtu aliyeshindwa kumaliza suruali ya mumewe atamaliza filamu?

"Ni fupi," akasema. "Dakika moja tu."

"Dakika yako naijua," nikamjibu.

Kazi yangu ni mota. Feni, pampu za maji, mashine za kusaga, chochote chenye mota iliyoungua kinaletwa kwangu, natoa waya wa zamani na kufunga mpya. Banda langu limeshikana na nyumba, chumba chake cha kushonea kiko mbele kinatazama barabara, na mlango ulio kati yetu hatuufungi. Kutwa nzima naisikia cherehani yake. Nikiacha kuisikia najua kuna jambo, na siku zile nilikuwa naacha kuisikia mara kwa mara.

Akaja bandani kuniomba waya wa shaba. Nilikuwa nimetoka kuufumua wa feni ya dari, nikamkatia kipande.

"Wa nini?"

"Mifupa."

"Mifupa ya nani tena?"

"Ya Feni," akasema, na sauti akaishusha, akatupa jicho kuelekea chumba cha nyuma.

Hapo kicheko kilinikauka. Feni ni kaka yake, shemeji yangu, na katika nyumba yetu jina hilo halitajwi kwa sauti kubwa, kwa sababu chumba cha nyuma anaishi mama yao.

Jina alipewa na vijana wenzake. Ni enzi zile brekidansi ilipowapagawisha vijana, kila kona kuna mtu anajipinda kama aliyepigwa na umeme. Yeye na mdogo wake, yaani mke wangu, walikuwa na boksi la friji walilolikata na kulitandaza, na wakishamaliza wanalificha nyuma ya duka lililofungwa. Kaka analala chali juu ya boksi, anakusanya magoti, anazunguka mpaka uso wake huuoni. Kisha anapanda juu ya kichwa chake na kuzunguka kwa kichwa. Dada anakanyaga pembe za boksi lisiteleze, na zamu yake ikifika anaingia na yeye. Watu wanaomjua leo, mkanda wa kupimia shingoni na miwani juu ya pua, wakiambiwa habari hizi wanasema nawatania. Mimi nilimwona kwa macho yangu, kabla hatujafahamiana, na kusema kweli ndicho kilichonioza.

Mama yao alikuwa akifua na kupiga pasi mashuka ya hospitali. Kutwa ananyoosha, na akirudi nyumbani anaendelea kunyoosha. Hakuweza kuvumilia kitu kilichopinduka. Kiatu kikilala soli juu atakigeuza, kikombe kikianguka atakisimamisha, hata kama ni nyumba ya watu na amekwenda kutoa pole. Sasa mpe mama wa namna hiyo mtoto anayesimama kwa kichwa. Akimkuta amejiegemeza ukutani miguu juu, alikuwa akimshika kifundo cha mguu, anamgeuza, anamweka sawa na kumwambia, "Simama kama watu." Aliamini samaki mkunje angali mbichi. Shida ni kwamba samaki huyu alikuwa ameshajikunja mwenyewe.

Kisha yakaja mashindano, kwenye ukumbi mkubwa, ya kutafuta kundi la kusafiri. Feni akamwambia mdogo wake kwamba safari hii ana mwisho mpya, namna ya kumaliza ambayo haijaonekana. Akawa anajificha kuifanyia mazoezi. "Utaiona siku hiyo," kila akiulizwa. Asubuhi ya mashindano alimpa mama yake suruali ya njano yenye mstari mweusi pembeni, na mama akampigia pasi mpaka mstari ukakata kama kisu, akidhani ni sherehe ya shule.

Mchana jirani mmoja akamwambia mama ukweli. Akaenda na aproni yake ya kazini. Akaingia ukumbini, akapita mbele ya waamuzi, akaingia uwanjani. Mwanawe alikuwa juu ya kichwa, anazunguka, macho ameyafumba. Mama akasubiri mwendo upungue, akamshika kifundo cha mguu, akamgeuza mbele ya watu wote. "Simama kama watu." Akamshika mkono wakatoka. Mke wangu, aliyekuwa amekanyaga pembe ya boksi, anasema kicheko cha ukumbi ule anakisikia mpaka leo, na kwamba kaka yake hakulia wala hakubisha. Wiki haikuisha akaondoka, na hakuhamia mtaa wa pili. Alivuka mipaka, akaiacha suruali ya njano kitandani imekunjwa.

Huko aliko ni mzima. Mke wangu humwandikia, naye hujibu maneno mawili matatu, na mimi hunitumia "salamu kwa shemeji". Kwa mama yake, hata nukta.

Na mama mkwe hajawahi kumtaja. Ila simu ya mke wangu ikilia, mama huacha anachofanya, kama ni kumenya humenya nusu, na kugeuza uso. Akisikia ni mteja anaulizia gauni lake, anaendelea. Miaka yote nimeliona hilo na linaniuma, sitaki kulizungusha. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini mkwe anayekula naye meza moja anaonja kidogo.

"Nataka amalize," mke wangu akaniambia pale bandani, waya mkononi. "Alikatizwa. Nikimwonyesha anamaliza, huenda akasema na mama. Mama bado yupo, baba watoto. Hatakuwepo siku zote."

Nikamkatia waya mwingine.

Kwa asiyejua, filamu ya aina hii ni kazi ya kichaa mwenye subira. Unapiga picha ya mwanasesere. Unamsogeza mkono kidogo, kiasi ambacho jicho halioni, unapiga nyingine. Unasogeza, unapiga. Ukija kuzipitisha picha zote kwa kasi, mwanasesere anatembea. Asubuhi nzima inakwenda kwa mzunguko mmoja ambao mtu akipiga chafya haoni. Kwa mara ya kwanza tangu nimwoe nilielewa kwamba mke wangu si mvivu wa kumaliza. Ni kwamba mambo anayoyapenda yeye huyamaliza kwa kipimo kingine, na suruali yangu haimo humo.

Mwanasesere alikuwa na urefu wa kiganja. Mifupa shaba, nyama pamba, suruali imetoka kwenye ile ya njano, aliipasua pindo la mguu mmoja. Uso hakumwekea.

"Uso wake sijauona miaka mingi," akasema. "Nitamwekea wa nani?"

Uwanja ulikuwa kipande cha boksi la friji juu ya meza ya kukatia. Kichwa cha mwanasesere alikichoma pini ya kushonea ili asianguke. Taa hakutaka, alitaka mwanga wa dirisha, na hapo ndipo filamu ilipoamua kuwa kitu kingine. Kwa kuwa jua halisubiri mtu, kivuli cha mwanasesere kilikuwa kikihama kila picha. Nilipooneshwa sehemu ya kwanza nikaona kijana anazunguka juu ya kichwa, na kivuli chake nacho kinamzunguka polepole upande wa pili, siku nzima ikipita chini yake. Nikamwambia kivuli kimeharibu kazi.

"Acha hivyo hivyo," akasema. "Ndivyo ilivyokuwa. Yeye anazunguka, sisi tunazeeka."

Badala ya muziki akaweka mlio wa cherehani yake. Ikikimbia, mwanasesere anakimbia. Ikisita, anasita.

Alipokuwa amesahau mkono gani unasukuma na mguu gani unafuata, alikuwa akilala chini ajikumbushe kwa mwili wake mwenyewe. Mteja aliyekuja kuchukua gauni alimkuta chali chini ya meza, magoti kifuani, anajizungusha kama mende. Mteja akasema basi, atarudi kesho. Tangu chumba kile kifunguliwe, ndiyo mara ya kwanza mteja kuitaja kesho. Lakini mimi niliyekuwa mlangoni niliona kingine. Niliona anavyokwama katikati ya mzunguko, goti limekataa, na anavyobaki pale sakafuni anatazama dari. Nilimpa mkono ainuke, hakuutaka mara moja.

Shaba nayo ina tabia yake. Ukiikunja na kuikunjua mno inakuwa ngumu, halafu inakatika. Bega la Feni lilikatika, kisha nyonga. Nikamfundisha kuipasha moto kidogo ilegee kabla ya kuirudisha kazini, na kila baada ya siku kadhaa ananiletea shemeji yangu nimtibu. Nilimzoea. Nilikuwa namwambia, "Shemeji, leo wapi panauma?"

Mwanzo ukaisha, katikati ikaisha. Mzunguko wa kichwa ukafika pale mama alipoingia. Mke wangu akakwama.

Mwisho haujui. Hakuna aujuaye ila mwenyewe. Akamwandikia kaka yake: "Ule mwisho mpya, siku ya ukumbi, ulikuwaje?" Vitiki viwili vya bluu vikatokea. Amesoma. Siku ikaenda, ya pili ikaenda, kimya. Kumwambia anatengeneza filamu hakutaka, alitaka imfikie bila yeye kujikinga.

Akajaribu kubuni. Akamshusha mwanasesere akakaa amekunja mikono. Akamrusha hewani kwa uzi. Akamlaza. Kila mwisho akiutazama anaufuta.

"Huyu ni mimi," anasema. "Si yeye. Namshonea mtu nguo bila kipimo."

Alikuwa amekonda kwa mawazo. Tena tulikuwa tunaficha. Mama mkwe aliambiwa pale mezani kuna nguo ya mteja ya shanga, asiguse. Naye ni mtu wa kusikia, hakugusa.

Sasa, picha alizipiga kwa simu, na ukiibonyeza kila mara inatikisika na picha zinaruka, kwa hiyo binti yetu kabla ya kurudi chuoni alikuwa ameipanga ijipigie yenyewe, kila baada ya muda mfupi. Unasogeza, unatoa mkono, inalia tik. Siku hiyo mke wangu alikuwa amemweka mwanasesere kichwa chini, miguu juu, anajaribu mwisho mwingine, mara bibi harusi akabisha hodi. Wateja wote huambiwa kesho isipokuwa bibi harusi. Mke wangu akatoka naye barazani kwenye mwanga wamalize mikono ya gauni, akasahau kuizima simu.

Mimi nilikuwa nakuja na kipande cha waya nilichokilegeza. Nikafika mlangoni nikasimama.

Mama mkwe alikuwa mezani. Sijui alifuata nini, labda uzi. Alikuwa amemwona mtu amepinduka, na mama mkwe na kitu kilichopinduka nimeshawaeleza. Mkono ulikwenda wenyewe. Akamshika mwanasesere kifundo cha mguu, akamgeuza. Akaiona pini.

"Nani kamchoma mtoto pini kichwani?" akasema, akaichomoa, akaichomeka kwenye kola yake. Akamsimamisha juu ya boksi. Ile suruali ikaingia kati ya vidole vyake, na vidole vikasita. Nguo uliyoipiga pasi kwa mkono wako huwezi kuisahau. Akakisugua kitambaa. Akaufuata ule mstari mweusi kwa ukucha, kutoka kiunoni mpaka chini, na kurudi tena juu.

Tik, ikasema simu. Hakuisikia.

Nilitarajia amwache. Mkono wake ukabaki mgongoni mwa mwanasesere, kwa kuwa bila pini asingesimama. Kwa mkono wa pili akampangusa vumbi mabegani. Akamvuta shati.

"Umekonda, baba," akamwambia.

Nikarudi nyuma kimyakimya na waya wangu. Nina umri wa kuwa babu, lakini ilinibidi niende nikaegemee pampu ya mtu.

Mke wangu aliporudi mama alikuwa ameshaondoka, na mwanasesere ameegemezwa kwenye kopo la vifungo, wima, kama watu. Nikiwa bandani nikasikia kelele zake. Kazi ya siku nzima imekwenda na maji, kwa sababu ukishamtoa mahali pake humrudishi palepale. Alikuwa ameshika simu, kidole kiko juu ya kufuta.

"Usifute," nikamwambia. "Ipitishe kwanza."

"Nipitishe nini? Kuna mkono wa mtu."

"Ndio huo nakuambia uupitishe."

Akaipitisha. Kijana wa njano anazunguka juu ya kichwa, kivuli kinamzunguka. Mara mkono mkubwa wenye mishipa unaingia kutoka pembeni, unamshika mguu, anakuwa wima. Halafu mkono hauondoki. Unacheza mgongoni, unapangusa, unapapasa mstari wa suruali, kwa kasi ile ya picha unatetemeka. Tukaitazama mara nyingine. Mke wangu akakaa chini kwenye kiti cha wateja.

"Huu ndio mkono uliomwaibisha," akasema. "Nikimtumia hii atasema tumemkatiza tena, safari hii kwa makusudi. Atanifungia na mimi. Halafu habari zake nitaziulizia kwa nani?"

Nilimweleza tu nilichosikia mlangoni, yale maneno mawili. Akafunika uso kwa gauni la bibi harusi, nikamwondolea lisije likalowa.

"Ule wa ukumbini ulimtoa nje," nikasema. "Huu haujamtoa. Umebaki naye."

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaituma vile ilivyo, bila neno hata moja. Kisha akakaa kwenye cherehani akashona kama mtu anayekimbizwa. Wiki hiyo wateja walipata nguo zao kwa tarehe, hadi wakawa wanauliza kama anaumwa. Suruali yangu nayo ilitoka kapuni. Hainitoshi.

Vitiki vilikuwa vya bluu tangu siku ya kwanza. Aliona. Kimya kikafuata, na kila asubuhi mke wangu alikuwa anafungua simu kabla ya dirisha. Kimya kile kilinifanya nijute kufungua mdomo wangu. Nikaanza kuandaa maneno ya kumfariji, na mimi maneno ya kufariji sinayo, mota haitaki kufarijiwa.

Simu ikalia mchana mmoja, cherehani inakwenda. Mama mkwe alikuwa kwenye kigoda chake karibu na mlango anachambua maharage. Mikono ikasimama, uso ukageuka, kama ilivyo ada. Mke wangu akalitazama jina. Hakufungua.

"Mama," akasema, "njoo ukae hapa."

Mama akaja bila kuuliza, maharage yamebaki kiganjani. Mke wangu akailaza simu ubavu, akamshikisha, akagusa.

Chumba cha kawaida, dirisha, baiskeli ukutani. Sakafuni boksi limetandazwa. Mwanamume mnene akaingia kwenye picha, kichwa kimeota mvi pembeni, anapumua. Mimi nisingemtambua hata kama angeniuzia mkate. Mama mkwe alimtambua kwa mwendo.

"Amenenepa," akasema, na nilisikia raha ilivyo ndani ya neno hilo.

Feni akapiga magoti. Akaweka kichwa kwenye boksi, mikono pembeni, akajirusha. Mguu mmoja ukapanda, wa pili ukakataa, akaanguka kwa ubavu. Akajaribu tena. Mara ya tatu miguu ikafika ukutani, shati likamshukia, tumbo likawa nje, uso umejaa damu unatutazama chini juu.

"Dada," akasema, pumzi zikikatika. "Ule mwisho. Sikuwa nao. Niliwadanganya wote. Nilikuwa nazunguka pale najiuliza nitashukaje."

Akameza mate, na kumeza mate ukiwa kichwa chini si kazi ndogo.

"Mama," akasema.

Mkono wa mama mkwe ukafumbuka, maharage yakamwagika sakafuni.

"Mama, siwezi kukaa hivi sana, nimezeeka. Njoo unisimamishe."

Picha ikaganda hapo. Hakuna zaidi. Mwanawe kichwa chini, miguu ukutani, macho yanasubiri.

Mama mkwe hakulia. Alifanya lile ambalo yeyote anayemjua angejua atalifanya. Aliigeuza simu juu chini, mwanawe asimame. Simu za siku hizi zina akili zao, ukizigeuza na picha inajigeuza, na Feni akarudi kichwa chini. Akaigeuza tena. Feni akarudi tena. Akaigeuza polepole, kwa hila, kama anayemgeuza mtoto aliyelala asiamke, na picha ikakaa tuli kidogo, kisha ikapinduka. Mimi ni fundi, najua kuna kitufe cha kuizuia, ni kukigusa tu. Nikanyoosha mkono. Mke wangu akanishika kiwiko.

Mama akaiweka simu mapajani. Akaufunika ule uso kwa kiganja, akakaa hivyo, nje watu wanapita na shughuli zao.

"Mpigie," akasema hatimaye. "Mwambie aje. Mkono wangu haufiki huko."